Kikao cha Tano

Kikao cha tano, na meneja bado anatabasamu kama bwana harusi. Mimi, katibu wa chama cha washonaji hapa kiwandani, nikarudia yale yale: mlango wa nyuma usipigwe kufuli tukiwa kazini, maana moto ukizuka tutateketea sote.

“Dada yangu, barua yenu tumeipitia neno kwa neno,” akasema. “Tunaifanyia kazi.”

Barua ile washonaji mia mbili waliitia saini. Shangazi yangu, asiyejua kuandika, aliweka dole gumba.

Kalamu ikaniponyoka, nikainama kuiokota. Zamani meza hii ilikuwa ikiyumba, nikadhani wameitengeneza. Kumbe chini ya mguu mmoja walikuwa wamekunja na kutia bahasha yetu yenye barua ile! Nikaichomoa. Gundi niliyoilamba kwa ulimi wangu ilikuwa bado imeshika.

Nikaibwaga mbele yake. Meza ikayumba, chai yake ikamwagika.

Hata hakushtuka. Alifuta chai kwa leso, polepole. “Basi tupange kikao cha sita.”

Nikafungua daftari, nikaandika tarehe. Ningefanya nini? Ufunguo wa ule mlango anao yeye.