Lebo za Sipriani

Mume wangu Sipriani ana vipaji viwili: kununa na kubana matumizi. Mwaka jana alianza kuvitumia vyote viwili kwa mtu mmoja, binti yetu Ange aliyeko Columbus.

Kununa kulianza Ange alipofunga ndoa mahakamani na Ombeni, kijana Mkongomani mwenye adabu zake, kabla wazee wa pande mbili hawajakaa. Baadaye Ombeni alikuja hapa kwetu Louisville na wajomba zake, wakaleta soda na nyama ya mbuzi, wakaomba radhi. Sipriani mbuzi alimla. Radhi akasema ataifikiria. Tangu siku hiyo hakuongea na binti yake. Nikiwa naye kwenye simu, yeye anapita jikoni anakohoa kwa nguvu, ili Ange asikie kwamba baba yake yu mzima.

Lakini maboksi! Mtu hazungumzi na mwanawe, ila hapiti muda mrefu bila kumtumia boksi: dagaa, maharage, unga wa ulezi, chochote anachohisi kwamba watu wa Columbus hawajui kukichagua. Nilimuuliza kulikoni. Akasema boksi si maneno.

Na hapo ndipo kubana matumizi kulipoingia. Dada yake Angelika, anayeuza vitenge kutoka sebuleni kwake Cheektowaga, kule Buffalo, ndiye aliyemfundisha kwamba siku hizi hakuna haja ya kupanga foleni posta. Unalipia kwenye kompyuta, unachapa lebo nyumbani, unabandika, na bei inashuka. Sipriani alizipokea habari hizo kama mtu aliyeokoka. Alinunua printa ya mtumba akaiweka juu ya meza yangu ya kupigia pasi, na mpaka leo napiga pasi juu ya kitanda.

Kazi ilikuwa kupata uzito, maana kompyuta haikupi lebo mpaka uitajie uzito wa mzigo. Sisi tuna mizani ile ya bafuni tu. Basi Sipriani hukumbatia boksi akapanda nalo, mimi nasoma namba, yeye anatoa uzito wake anaoujua kwa kichwa, kinachobaki ndicho cha boksi. Mara nyingi nilikuwa na hasira naye, lakini ukimwona amesimama pale na soksi zake, kidevu juu ya kartoni, akilishika kama kitu kitakachoamka, hasira inakwisha yenyewe.

Mwezi wa tatu Ange akajifungua mtoto wa kiume. Nilipanda basi nikaenda kumwosha na kumpikia, nikarudi. Lakini bado kulikuwa na guhemba. Kwetu Burundi ni ile siku ndugu wanapokwenda na vyakula na vinywaji kumpongeza mzazi, wakakaa, wakala, mtoto akapitishwa mikononi mwao. Huko haendi mama peke yake. Baba ndiye anayetangulia mlangoni. Asipofika, wakwe wanamwona binti yako kama mtu asiye na kwao. Mama yake Ombeni alikuwa ameshaanza kuuliza tunakuja lini.

Nilimweleza Sipriani haya yote kwa upole, na mimi upole siuwezi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatafuta boksi kubwa kuliko yote, akalijaza, akachapa lebo, akapiga mkanda wa gundi juu yake.

"Haya," akasema. "Guhemba hiyo imeondoka."

Siku hiyo alijipikia ugali mwenyewe.

Boksi lilifika Jumanne, na Ange akanipigia simu. Anafanya kazi kwenye ghala linalopokea bidhaa zinazorudishwa na wateja, kwa hiyo macho yake huenda kwenye lebo kabla ya mzigo.

"Mama, kuna kitu kimeibiwa," akasema. "Lebo inasema paundi hamsini. Nimepima hapa, hata arobaini hazifiki. Na si mara ya kwanza, basi tu sikutaka kuwatia wasiwasi."

Sipriani alikuwa anapita kukohoa. Akaninyang'anya simu, akaweka sauti ya juu. Maneno yake ya kwanza kwa binti yake baada ya muda wote ule yalikuwa haya:

"Nani amefungua boksi langu?"

"Baba?"

"Toa kimoja kimoja. Nitajie."

Ange akatoa. Dagaa wapo. Maharage yapo. Unga, asali, sabuni, kitenge cha kumbebea mtoto, vyote vipo. Kwa kila kitu Sipriani alikuwa anasema, "Endelea," mpaka boksi likaisha na mwizi hakuonekana. Akachukua simu yake mwenyewe akampigia dada yake Buffalo, sauti juu, kumuuliza kama maboksi anayomtumia yeye yanafika salama.

"Kaka, hata yangu huwa hivyo," Angelika akasema. "Lebo nzito, boksi jepesi. Nilifikiri ni mambo ya huko kwenu."

Nikafikiri. Mwizi anayeiba Columbus na Buffalo kwa kiasi kilekile, basi anaishi Louisville. Nikaenda bafuni nikaleta mizani, nikaiweka sakafuni mbele yake.

"Panda bila boksi."

"Uzito wangu naujua."

"Nani alikwambia?"

"Walinipima."

"Walikupima wapi, Sipriani?"

"Kule Kibondo, kabla ya ndege. Nikabadilisha kilo kuwa paundi mimi mwenyewe."

Mungu wangu. Kibondo! Kwenye kambi ya wakimbizi, kwa chakula cha mgao, wakati mkanda wake aliutoboa matundu mapya kwa msumari! Akapanda. Namba ikaenda, ikaenda, ikasimama mahali ambapo mume wangu hakupategemea hata kidogo. Akasema mizani mbovu. Akashuka, akapanda tena taratibu, ikatoa ileile.

"Umekuwa ukililipia posta tumbo lako!" nikasema, nikakaa chini kwa kicheko. Angelika naye alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Ange hakucheka.

"Kwa hiyo, Baba," akasema, "kila boksi umekuwa ukijilipia na wewe."

"Ni hesabu tu imekosewa."

"Tangu mwaka jana unajilipia kuja huku. Na kila boksi nikifungua, wewe haumo." Tukamsikia mtoto akilia nyuma yake. "Wakwe wananiuliza, baba yako yuko wapi? Mimi nawaonyesha dagaa."

Hakuna aliyecheka tena. Sipriani alikuwa bado amesimama juu ya mizani na simu mbili mikononi. Nilimpenda wakati ule kuliko siku aliyonioa, na nilitaka kumpiga pia.

"Mwanangu," akasema. "Nisubiri."

Akanipa simu zote mbili, akaanza kutafuta viatu vyake. Nikamkumbusha kwamba leo ni Jumanne, kwamba kesho ana zamu Jeffersontown, kwamba watu hawaendi ukweni mikono mitupu, nguo hazijapigwa pasi. Tupange vizuri, nikasema, tutakwenda Jumamosi.

"Jumamosi ni mbali," akasema, kiatu kimoja kikiwa tayari mguuni.