Filamu ya Siku Hiyohiyo

Kompyuta kubwa ya Wena Magsino iliungua siku chache kabla ya harusi ya Krisanta, na tangu hapo Wena hakujua tena usingizi. Kwa kawaida huyu si mwoga. Amerekodi harusi za Wafilipino wa Winnipeg tangu baadhi ya maharusi wa leo wakibatizwa, amevumilia mama wakwe, mapadri wakali na watoto wanaomwaga juisi kwenye nyaya. Lakini safari hii alikuwa na hofu kweli kweli.

"Ate, hii ndiyo saizi yetu," alisema Dodong, mpiga picha wake, akiweka boksi juu ya meza ya jikoni. Alimwita Ate, dada mkubwa, hata pale alipokuwa anamkera, na alimkera kila siku.

Ilikuwa laptop ya bei poa. Wena aliigeuza huku na huku, akabonyeza kona ya mfuniko kwa kidole gumba, plastiki ikabonyea.

"Hii ni ya kuandikia matangazo ya kanisani, Dodong. Itabeba harusi nzima hii?"

"Ijaribu kwanza, ndipo uitukane."

Haya, akaijaribu. Picha za mnato ilizimeza bila shida: alipunguza kivuli usoni, akakata pembeni, akaongeza mwanga, nayo ikaitikia. Kioo chake ndicho kilichodanganya. Gauni jekundu kwenye simu yake lilikuwa jekundu, lakini kwenye laptop lilionekana limefuliwa mpaka limechoka. Hilo alijua dawa yake, kila rangi angeihakikisha kwenye simu. Kwenye video mambo yakabadilika. Alipoweka picha za kamera mbili na wimbo juu yake, mashine ilianza kukwama, feni ikalia, sura za watu zikawa zinarukaruka. Akatengeneza nakala nyepesi za zile picha za video, za kufanyia kazi tu, huku zile nzito zikingoja mwishoni. Ikaenda. Memori ilikuwa ndogo na nafasi ya kuhifadhi ndogo zaidi, lakini ikaenda.

"Inatosha," akasema mwishowe.

"Si nilikwambia?"

"Umeniambia nini wewe? Nyamaza."

Inatosha! Kipande kifupi, juu ya meza baridi, hakuna haraka, hakuna mtu anayengoja. Fundi mzoefu kama yeye, halafu anapima mashine namna hiyo. Lakini mtu mwenye hofu hutafuta jibu la kumtuliza, naye alikuwa na hofu.

Sababu ya hofu ilikuwa Mang Ambo, yaani Mzee Ambo, baba wa Krisanta. Kwa watu hawa harusi haijatimia mpaka ionyeshwe filamu ya siku hiyohiyo: yaliyopigwa kanisani mchana, wageni wayatazame ukumbini jioni wakiwa bado na wali mdomoni. Na Mang Ambo alikuwa amelazwa hospitali, mapafu yamemwishia, madaktari wameshawaambia watoto wake kwamba akiiona Jumapili ni bahati. Harusi ilikuwa Jumamosi. Walimshauri aitazame moja kwa moja kwenye simu, mzee akakataa katakata.

"Wena," alimwambia alipokwenda kumwona, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili, "mimi sitaki picha za kukwamakwama. Nataka ile ya ukumbini. Baba wa bibi harusi anapewa makombo? Niletee kama wageni wengine."

Wena akaahidi.

Siku ikafika, Februari, baridi ya kukata masikio. Krisanta aliingia kanisani peke yake. Kaka yake, Nonoy, ndiye angempa kiwiko chake akishikilie mpaka altareni badala ya baba, lakini mzee alikuwa amezidiwa alfajiri na Nonoy akabaki naye wodini. Bibi harusi akatembea kutoka mlangoni hadi altareni na shada lake, uso mbele. Wena alimpiga kutoka mbele, Dodong kutoka nyuma, na ndani ya maua mlikuwa na kinasa sauti kidogo, kama wanavyoweka siku zote, wakijua robo tatu ya kinachonaswa hutupwa.

Ukumbini walimpa Wena chumba cha stoo nyuma ya jiko, katikati ya magunia ya mchele. Akafungua laptop, akaingiza kila kitu, akaanza kukata. Mwanzoni mikono ilikwenda vizuri. Kisha likatokea onyo kwamba nafasi imejaa.

Mungu wangu. Akaanza kutupa: picha za wageni wakiegesha magari, picha za dari. Akafika kwenye sauti ya shada. Akaisikiliza kidogo, kwa vile vispika vya laptop vyenye sauti ya mbu. Pumzi, mchakacho wa majani, na kitu kama mnong'ono. Nani anataka kusikia bibi harusi akihema? Wimbo ungefunika. Akaitupa, akamwaga na pipa la taka la kompyuta ili apate nafasi yote.

Simu ikalia. Nonoy.

"Ate, imefika wapi? Baba anauliza."

"Karibu. Bado rangi."

"Tuma hata kipande, Ate. Hata kibichi."

"Nonoy, baba yako aliomba filamu. Nikimtumia nyuso za kijani atasema nimemletea makombo. Nipe muda kidogo."

Alikata simu. Akamaliza rangi, akihakikisha kwenye simu kila sura, akaanza kuipika filamu iwe faili moja. Na hapo ndipo mashine ilipoonyesha bei yake. Mstari wa kuonyesha kazi ilipofikia ulianza vizuri, ukapunguza mwendo, halafu ukawa unasogea kwa kujivuta. Chini ya laptop kulikuwa na joto la kuchoma mapaja. Feni ililia mpaka wapishi wakachungulia.

"Dada, hicho kitu kinalipuka?" aliuliza mmoja.

"Kikilipuka utakuwa wa kwanza kujua!"

Aliogopa. Tuseme hivyohivyo, aliogopa mpaka jasho likamtiririka mgongoni wakati nje maji yalikuwa barafu. Wazo la nje ndilo lililomzindua. Akasogeza magunia, akafungua dirisha dogo, akaiweka laptop kwenye kizingiti, matundu yake yakitazama uani. Upepo ukaingia mkali kama kisu. Baridi ya Winnipeg iliyomtesa miaka yote leo ikafaa kitu: feni ikashusha sauti, mstari ukaanza kutembea. Wena alisimama pale akiwa na gauni lake jepesi la sherehe, meno yanagongana, akiushikilia waya wa chaja usichomoke, akiomba kimoyomoyo kila mtakatifu aliyemjua jina.

Simu ililia tena. Hakupokea. Ikalia tena. Mstari ukafika mwisho.

Alituma filamu, kisha akampigia Nonoy mwenyewe.

"Imekuja," alisema Nonoy. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimemshikia simu usoni. Ate, hafumbui macho."

"Mwamshe."

"Hajalala. Nesi anasema anasikia, macho tu ndiyo yamechoka. Alikuwa anayafumbua mpaka muda mfupi uliopita. Anasikia wimbo. Anageuza uso. Anatingisha kichwa, sijui anakataa. Sauti ya Krisanta iko wapi humu?"

Wena aliangalia filamu yake. Ilikuwa nzuri, rangi ya ngozi imekaa sawasawa, gauni linang'aa, wimbo unapanda bibi harusi anapofika altareni. Hakuna neno hata moja la Krisanta kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndivyo filamu hizi hufanywa, na yeye alizifanya hivyo miaka yote bila mtu kulalamika.

"Ate? Upo?"

"Usikate simu. Ongea naye. Usikate!"

Akalifungua pipa la taka la laptop, akijua kabisa limemwagwa. Tupu. Alihisi kama ametumbukia kisimani. Akatoka mbio kupitia jikoni, akampiga kikumbo mtu mwenye trei ya nguruwe wa kuchoma, akamkuta Dodong kwenye meza ya mwisho, sahani imejaa, mkono mmoja unakula na mwingine unachezea kile kinasa sauti.

"Dodong! Umefuta?"

"Nini?"

"Ya kanisani! Ya maua! Umefuta?"

"Ndiyo nataka kufuta sasa hivi, tupate nafasi ya hotuba—"

Alimpokonya kwa nguvu, mchuzi ukamwagika kwenye suruali ya watu. Hakusema samahani. Alipogeuka alimkuta Krisanta amesimama nyuma yake na gauni lote, uso hauna damu. Alikuwa ameona mbio zile, na kwa siku kama ile mbio zilikuwa na maana moja tu.

"Amekufa?" aliuliza.

"Hapana. Njoo."

Stoo ilikuwa baridi ya kuua. Wena aliingiza kadi ya kinasa sauti kwa vidole vilivyokufa ganzi, ikakataa, akaigeuza, ikaingia. Sauti ikaonekana, faili dogo, jepesi, kitu ambacho mashine mbovu kuliko zote duniani ingekituma bila kuhema. Akabonyeza waisikilize mara moja, ahakikishe ndiyo yenyewe. Kinanda cha kanisa mbali, viatu sakafuni, halafu mnong'ono wa Krisanta, karibu sana:

"Haya baba, twende. Polepole, viatu vinabana. Tabasamu, shangazi anatupiga picha. Usinikanyagie gauni, baba. Twende, twende."

Krisanta aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Nilikuwa najisemea tu," alisema. "Niliogopa kutembea peke yangu."

Wena akatuma. Akaweka simu yake kwenye sauti kubwa juu ya gunia. "Nonoy, nimekutumia nyingine. Ni sauti tu. Iweke sikioni kwake."

Walisikia akihangaika na simu yake, nesi akisema jambo, kisha kwa mbali, kupitia simu mbili na chumba cha hospitali, kinanda kikaanza tena. Wena alimshika Krisanta mkono, ulikuwa barafu, na wake pia. Hakuna aliyethubutu kufunga dirisha. Mnong'ono ulipita wote mpaka mwisho, ukakatika.

"Nonoy?" alisema Wena. "Nonoy, jamani, sema."

"Sijui anafanya nini," alisema Nonoy. "Amekunja mkono. Wa kulia. Ametoa kiwiko nje ya shuka, ameushikilia hivyohivyo hewani. Unatetemeka. Nikiushusha anaurudisha. Nimwite daktari?"

Krisanta aliinama juu ya gunia, mdomo karibu na simu.

"Usiushushe," alisema. "Pitisha mkono wako hapo kwenye kiwiko, umshike. Mpaka baba afike altareni."