Kifuniko Hakijashuka

Jumamosi asubuhi Mama Pindo alikuwa jikoni, anakata kola za sare za shule juu ya meza ya kulia chakula, maana chumba cha cherehani kilikuwa kimejaa wageni wa wifi yake. Maharagwe yalikuwa motoni, ndani ya sufuria ya presha iliyokuwa bado na harufu ya dukani. Jina la Mama Pindo alipewa na mtaa, kwa sababu hakuwahi kumkabidhi mteja nguo ambayo pindo lake hajalishona mara mbili. Sufuria ilipiga mluzi, ikanyamaza. Alipoinuka kupunguza moto, kifuniko kiliruka, komeo lake likiwa bado limefungwa. Mvuke ulimkumba mkono wa kulia kuanzia vidoleni mpaka kiwikoni. Kifuniko kilitoboa dari, kikatoboa bati, kikaenda zake juu.

Hakikushuka.

Wageni walimfunga mkono kwa shuka safi, kisha wakatoka nje kutazama. Kilikuwa kimesimama hewani, juu kidogo ya nguzo ya umeme, kikizunguka taratibu kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

"Kitashuka tu," alisema wifi yake. "Kitakwenda wapi?"

Alipopelekwa hospitali, kilimfuata kikamngoja juu ya lango. Alipokwenda kununua uzi, kivuli chake cha duara kilitangulia mbele yake dukani. Mtaa ulizoea upesi, kwa sababu mtaa ule ulizoea kila kitu isipokuwa maji kukatika.

"Mama Pindo, hebu sogea kidogo," jirani wa nyuma alimwambia kutoka kwenye kamba yake ya nguo. "Kivuli chako kinanichelewesha. Shuka hazikauki."

"Si changu, ni cha kampuni."

"Basi iambie kampuni isogee."

Daktari alimweleza bila kuzunguka. Ngozi ya mkono ule ikipona itavuta, na vidole vitajikunja kuelekea kiganjani. Ukipasuliwa mapema, utashika mkasi. Ukicheleweshwa, utabaki ngumi. Upasuaji wenyewe haukuwa wa mfuko wa fundi wa nguo, na hapo ndipo Mama Pindo alipoanza kutafuta wakili.

Kuanzia siku hiyo hakukalika. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, alijaribu kuingiza vidole kwenye vishikio vya mkasi, na kila asubuhi vilikuwa vimezidi ukaidi. Akikaa anainuka. Akiinuka anakwenda mlangoni, anatazama juu, anarudi, anasahau alichofuata. Wifi yake akamwambia atamaliza sakafu kwa kutembea.

Wakili aliyempata alikuwa mtu mwema, ila watu walimwita Njoo-Kesho, na ofisi yake ilikuwa na dawati kubwa kuliko chumba, hivi kwamba mteja alilazimika kuingia kiubavuubavu.

"Kesi za bidhaa mbovu ni rahisi," alisema Njoo-Kesho. "Bidhaa inajieleza yenyewe. Sufuria iko wapi?"

Wifi, aliyekuwa amemsindikiza, alikuwa ameingoja hiyo nafasi. Akaifungua sufuria kutoka kwenye kitambaa cheupe, akaiweka juu ya dawati, ikang'aa mpaka ukutani. Alikuwa ameisugua kwa mchanga na waya, akaipeleka kwa fundi chuma ikanyooshwa ukingo, ikapigwa msasa pale ilipokuwa imepasuka.

"Tungeipeleka mahakamani na masizi yake?" alisema wifi. "Watu wangesema ukoo wetu hauogi."

Njoo-Kesho aliishika sufuria, akaigeuza, akajiona uso wake mzima ndani yake.

"Dada yangu," alisema, "umemwosha shahidi."

Kukabaki kifuniko. Zimamoto walikuja na ngazi yao ndefu. Kila ngazi ilipopanda, kifuniko nacho kilipanda kiasi hichohicho, na iliposhushwa, kilirudi palepale. Mkuu wao aliomba maji ya kunywa, akasema kitu kile hakiungui, kwa hiyo si cha idara yake.

Mahakamani, wakili wa kampuni alikuwa kijana mpole, viatu vyake havina hata vumbi. Hakubishana na mtu.

"Mheshimiwa, mteja wangu hakatai kwamba kifuniko kiliruka. Tunachosema ni kwamba bado kinaruka. Fidia hutolewa kwa ajali iliyotokea. Hii inatokea."

Hakimu alitoka uani, akajikinga jua kwa jalada la kesi, akakitazama kifuniko kwa makini. Akamwagiza karani aandike kwamba kifuniko kimehudhuria. Kisha wakarudi ndani wote.

"Mheshimiwa," Mama Pindo alisema bila kuulizwa, "mkono wangu umeshaungua. Wenyewe haukungoja."

"Nakuona, mama," hakimu alisema, na kweli alionekana kumwona. "Lakini ajali ni kitu kimoja, ina mwanzo na mwisho. Siwezi kuisikiliza nusu."

Shauri likaahirishwa hadi kifuniko kitakaposhuka. Wakati wa kutoka, wakili wa kampuni alitazama juu, akaweka mkoba wake kichwani, akalipita lango kwa hatua za harakaharaka.

Muda si mrefu kikaonekana kifuniko kingine juu ya nyumba za walimu, na kingine upande wa stendi. Wenye vifuniko wakaanza kutafutana, na haikuwa kazi, kwani kila mmoja alionekana kwa mbali. Wakawa wanakutana uani kwa Mama Pindo, ambako wifi alikuwa hapungukiwi chai wala maneno. Alikuwepo mwashi aliyeungua shingo, na muuza magazeti aliyepofuka jicho moja. Vivuli vyao vya duara viligongana chini, na ilibidi wapange viti upya ili kila mtu apate jua.

"Chako kinazunguka kulia au kushoto?" mwashi aliuliza.

"Kushoto," alisema muuza magazeti. "Kikiona mvua kinasimama."

"Bahati yako. Changu kinavuma. Mke wangu kahamia kwa dada yake."

Mama Pindo alicheka nao, lakini macho yake yalikuwa kwenye vidole. Alikuwa amebakiwa na vitatu vinavyonyooka. Moyoni aliona kuwa wengi hivi hawawezi kuambiwa wangoje. Njoo-Kesho akaziunganisha kesi zao zote kuwa moja, na siku ya kusikilizwa hata yeye aliwahi.

Kampuni ilikuwa imewahi zaidi. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa kimechapishwa upya, na kimeongezwa mstari mmoja: *Isitumiwe chini ya paa.*

Wakili wa viatu safi akawauliza mmoja mmoja kama jiko lao lilikuwa na paa. Wote wakakubali.

"Basi mlitumia kinyume cha maelekezo."

"Mstari huo umeandikwa baada ya mimi kuungua!" alisema Mama Pindo.

"Baada ya kuungua, ndiyo. Lakini si baada ya ajali, mama. Ajali inaendelea. Mmeonywa kabla haijaisha."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, na siku ile pia hakuna aliyelipwa. Nje, vifuniko vilizunguka kwa zamu zao, na walinzi wa mahakama walikuwa wameshahamishia benchi lao kivulini.

Mafundi paa walipata kazi nyingi mwaka ule. Walipita nyumba kwa nyumba wakikata matundu ya duara juu ya majiko, na mvua ikinyesha watu walipika na miavuli. Mkono wa Mama Pindo ukajifunga, kidole cha mwisho kujikunja kikiwa kile kidogo. Akajifunza kukata kwa kushoto, ngumi ikiwa imelala juu ya kitambaa kisiteleze. Mapindo yake yalipinda. Wateja wakapungua.

Adhuhuri moja alipita mbele ya duka la vyombo. Sufuria za presha zilikuwa zimepangwa mpaka barazani. Mwanamke mmoja, mchumba wa mtu kwa jinsi alivyokuwa akichagua, alikuwa ameikumbatia moja.

"Ni imara kweli?" aliuliza.

"Tazama mwenyewe," alisema muuzaji, akimwonyesha anga kwa kidevu. "Vile vyote ni vya kwetu. Hakijawahi kuanguka hata kimoja."

Mwanamke alitazama juu, akaridhika. Mama Pindo, ng'ambo ya barabara, aliinua mkono wake wa kulia juu kadiri alivyoweza ili auone.

Mwanamke aliuona. Akakunja na yeye ngumi, akaiinua kumrudishia salamu, akaingia ndani kulipa.