Chewa Aliyeingia Ndani ya Meli

Wivu ulimkaba Kaka Mkubwa, kama gati zima lilivyomwita, tangu asubuhi ile Daktari wa Meno alipompita na fimbo zake za kuvulia, akapanda boti ya dada yake mdogo. Miaka tisa mteja yule alikuwa akivua naye, wakialikana harusini na kuzikana misibani. Leo kasema tu, "Nataka kwenda na Nahodha." Nahodha! Huyo huyo dada yake ambaye Kaka Mkubwa mwenyewe alimfundisha kufunga ndoana, akimfokea mpaka machozi yakamtoka.

Mwenye akili angerudi nyumbani akalala. Yeye aliwasha mashine akawafuata, boti tupu, mpaka kwenye ile meli kuukuu iliyozamishwa makusudi ili samaki wapate makao. Akasimama kando, akijifanya anafagia.

Haikupita nusu saa, fimbo ya Daktari ikapinda. Chewa, tena wa haja. Kaka Mkubwa akajikuta anaomba mshipi ukatike, akaona haya, akaomba tena.

Redio ikakoroma.

"Kaka, chewa kaingia ndani ya meli. Mshipi umekwama. Nifanyeje?"

Dawa yake aliijua. Unalegeza mshipi, unatulia kama huna habari. Samaki akidhani yuko huru, anatoka mwenyewe. Hiyo hakuwahi kumfundisha dada yake. Alijiwekea akiba, eti kila fundi ana siri yake.

"Vuta," akasema. "Vuta kwa nguvu zako zote."

"Sawa, kaka."

Mshipi ukakatika, fimbo ikanyooka ghafla. Daktari akaanguka matako chini, na Kaka Mkubwa akacheka peke yake. Ilikuwa roho mbaya, hakuna jina zuri la kuipa.

Waliporudi gatini akaenda kuwapa pole, uso kaukunja kwa huruma ya kuazima. Dada yake alikuwa anasugua sitaha.

"Bahati mbaya tu," Kaka Mkubwa akasema.

"Bahati gani!" Daktari akang'aka. "Nilimwambia tulegeze mshipi, kama ulivyonifundisha mwenyewe mwaka ule wa kwanza. Kakataa katakata. Ati, 'Kaka yangu kasema vuta, na kaka yangu hawezi kunidanganya.'"

Brashi ikasimama. Dada yake akainua uso, akamtazama. Hakuwa na hasira, bado.

"Kaka," akauliza, "yeye ulimfundisha?"