Kadi ya Rangi na Mfuko wa Mzee

Dukani walimwita Bi Rangi, na hawakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akichanganya rangi za kuta za watu. Ukimpelekea kipande cha plasta kilichobanduka, anakutolea rangi ileile kwa jicho tu. Kwa hiyo muuguzi alipomfundisha kumwangalia baba yake, aliyewekewa mpira wa mkojo tangu kiharusi kimlaze, alisikiliza nusunusu. Tazama rangi ya mkojo, nusa, msikilize anavyoongea, muuguzi alisema. Maambukizi yaliyopita yaliingia mpaka kwenye damu, na yakirudi mzee huenda asiyamudu.

Basi akaleta nyumbani kadi ya rangi za dukani. Kila asubuhi aliishika kando ya mfuko wa mkojo, akaandika daftarini: krimu namba mbili. Ikifika namba tatu, mzee alinyweshwa maji mpaka akanuna. Mbele ya "harufu" aliandika "hakuna". Hakuwa akidanganya. Tina ya kuyeyushia rangi ilikuwa imemuulia pua zamani, na mtu asiyenusa miaka nenda miaka rudi husahau kwamba wenzake wananusa. Muuguzi hakuuliza, naye hakusema. Hakuwa na uchovu, huzuni wala furaha. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na kusema kweli, ganzi ile ilimfaa.

Jumamosi mdogo wake alikuja kumjulia mzee hali. Aliishia kizingitini, akajiziba pua kwa mtandio, akauliza harufu ile imeanza lini.

"Harufu gani?"

Mdogo mtu alimkodolea macho. "Dada, inasikika tangu nje."

Bi Rangi alifungua daftari. Hakuna, hakuna, hakuna, kurasa mbili nzima, tena kwa mwandiko mzuri. Alingoja moyo ushtuke, haukushtuka. Alimpigia muuguzi simu, akaeleza kila kitu bila kumung'unya maneno, kama anayeagiza ndoo za rangi. Muuguzi akasema gari linakuja, ila kwanza aende kwa mgonjwa aone kama anamtambua.

Aliingia chumbani na simu sikioni. Mzee alikuwa mwalimu mkuu, na maisha yake yote yeye ndiye aliyeamkiwa. Mtoto aliyempita kimya aliitwa arudi, hata awe wa kumzaa mwenyewe. Sasa paji lake lilikuwa la moto. Alifumbua macho, akamtazama binti yake kwa adabu, akahangaika kujiinua kitandani.

"Shikamoo, mama," alisema.

Alikuwa akisubiri kuitikiwa, na ilionekana hatalala mpaka aitikiwe.

"Marahaba, mwanangu," Bi Rangi alisema, akamlaza tena taratibu. Muuguzi akauliza tena.

"Hapana," akamjibu. "Hanitambui."