Kamba ya Mbu wa Kadutu

Jua lilipoanza kuteremka, Virginie alikuwa akichemsha mchaichai uliopondwa ndani ya mafuta, juu ya mbabula, jiko lenye makaa machache, maana moto mkali huua harufu. Alikaa mtaa wa Kadutu, kwenye mteremko juu ya soko. Wakati wa mvua za mwaka jana malaria ilimchukua Gisèle, binti yake wa kwanza. Alibaki Tatiana, wa miaka minne, na Virginie aliapa kwamba huyu hampi mtu. Chandarua kilikuwepo, lakini mbu wa jioni hawangoji mtoto aende kulala.

Alimpaka miguu, shingo, hata nyuma ya masikio. Mbu walifika, wakanusa, wakageuka. Hawakutawanyika. Walijipanga mmoja nyuma ya mwenzake wakateremka kuelekea mtaa wa Ibanda, na kila jioni wakafanya vivyo hivyo. Majirani walipoomba mafuta nao, mstari ukanenepa hadi ukawa kamba nyeusi iliyokazwa juu ya mabati. Francine, jirani wa chini, alianikia vitenge vyake hapo. Alilalamika tu kwamba havikauki vizuri, kwa kuwa kamba ilitoka jua likiwa limekwisha.

"Inaendaka wapi?" aliuliza.

"Kwabo," alisema Virginie. "Twende tuone."

Waliifuata hadi Ibanda, kwenye ukuta wa nyumba ya ghorofa kando ya ziwa. Kwa upenyo wa geti waliona bwawa la kuogelea ambalo mwenyewe, mkubwa anayeishi Kinshasa, hakulimaliza. Lilijaa maji ya mvua, nayo kamba iliishia humo.

Sasa, salongo ni kazi ya kila Jumamosi asubuhi: maduka hufungwa, watu husafisha mitaro. Ila desturi yetu ni kwamba salongo hufika kwenye ukuta wa mkubwa, kisha hugeuka. Mwenye nguvu mpishe, tunasema, na huku tunazika watoto. Inaudhi. Jumamosi ile Virginie aliwaleta wenzake mpaka getini, na Papa Télesphore, shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wetu, akawa nyuma kabisa akitafuta kisingizio.

"Fungua, Willy," Virginie alimwambia mlinzi. "Tunakuya kumwanga ile mayi."

"Maman, patron iko Kinshasa. Hakuna ruhusa."

"Na mbu yake, nani aliipatia ruhusa ya kupanda Kadutu?"

Willy aligeuza mifuko nje: hata ufunguo hakuachiwa.

Jumatatu jioni walikuja wakubwa wawili wa serikali kwa gari. Walitazama kamba, wakakubali kwamba ni ya mbu, wakaamuru ipite juu zaidi isiguse nyaya za umeme. Mbu walitii siku ileile. Kuhusu bwawa, waliagiza ukuta uongezwe matofali.

Mvua zilipokolea, Willy alipanda hadi Kadutu. Mwanawe Carine alikuwa ametoka hospitali, alikolazwa naye kwa malaria.

"Maman, unisaidie na mafuta."

Virginie alikuwa na hasira naye na hakuificha. Alimjazia chupa.

"Umupake kila jioni, usisahau masikio. Na samedi tunarudia pale kwa mulango."

Jumamosi walirudi. Geti halikufunguliwa. Walifagia barabara yote mbele yake, huku nyuma ya ukuta mbu wachanga wakianguliwa. Walipoondoka, Virginie aliiacha pale getini ndoo yake ya kuchotea maji ya bwawa, kwa kuwa kuishusha na kuipandisha mlima kila wiki kunachosha.