Kigari cha Leonce na Pampu ya Kabichi

Mungu akitaka kumwonyesha mtu ujinga wake, hahitaji radi. Humwachia muda mwingi wa bure na injini ndogo ya petroli. Leonce Komba wa Songea alikuwa na vyote viwili, ingawa injini haikuwa yake.

Ilikuwa mwaka 1994, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Serikali ilikuwa imeacha kununua mahindi, na wafanyabiashara wenye malori waliyafuata wenyewe vijijini. Yadi kubwa ya mahindi, kando ya barabara ya Mpitimbi, ikabaki tupu: sakafu pana ya saruji, mabanda yasiyo na gunia hata moja, na mizani iliyoota kutu. Leonce alikuwa karani wa mizani hiyo kwa miaka kumi na minne. Wakulima walimwamkia kofia mkononi. Siku alipopewa barua ya kupunguzwa kazi, kofia zote zilirudi vichwani.

Tangu hapo alikula kabichi. Mkewe, Noela, alikuwa na bustani bondeni, na pampu ya petroli iliyovuta maji mtoni hadi kwenye matuta. Pampu hiyo Noela aliipata kwa jasho la miaka mitatu, kabichi kichwani, kutoka bondeni mpaka sokoni. Kazi ya Leonce ilikuwa kushika mpira wa maji, na hata huo aliushika kwa uso wa mtu aliyeonewa.

Hapo ndipo Erasmus, muuza mitumba mwenye tumbo na asili ya Iringa, aliporudi kutoka Dubai na kigari cha mbio.

Kigari chenyewe hakikuwa na mlango, paa, taa, wala mahali pa kuweka hata kuku mmoja. Mtu mzima alikaa humo magoti yakikaribia masikio na makalio yakiwa shubiri moja juu ya ardhi, akaizunguka yadi kwa kelele mpaka pale alipoanzia. Halafu akazunguka tena. Watu wa mjini walikatiza shughuli zao kwenda kutazama. Erasmus aliwaambia kwamba hiyo ni hobi.

"Hobi ndiyo nini?" mzee mmoja aliuliza.

"Ni kazi unayoifanya kwa bidii bila kulipwa, mzee wangu."

"Kumbe! Basi mke wangu ana hobi mwaka wa thelathini huu."

Leonce hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na mizani yake ya zamani, akitazama lile gurudumu dogo likipita juu ya saruji aliyoifagia miaka yote ile. Erasmus akamwona.

"Mtani! Njoo uonje."

Leonce akaonja mzunguko mmoja tu. Upepo ulimpiga usoni, mabanda yakakimbia kando yake, na watu wote wakageuka kumtazama yeye, kama zamani siku za mavuno. Aliposhuka, kichwani hamkubaki hata chembe ya akili ya kabichi.

"Imetosha," Erasmus alisema akimpokonya kofia ngumu. "Ninyi Wangoni mmezoea vita vya miguu. Mambo ya magurudumu tuachieni sisi Wahehe."

Utani ni utani, na Mngoni hamkasirikii Mhehe. Leonce alijibu kicheko kwa kicheko. "Mwezi huu hauishi kabla sijakulisha vumbi, mtumwa wangu wewe!" Lakini neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki, na kesho yake asubuhi alikuwa karakanani kwa Otto.

Otto alikuwa fundi wa kuchomelea ambaye hakuwahi kumwambia mteja kwamba jambo haliwezekani. Alichukua mabomba ya maji akaunga fremu. Magurudumu yalitoka kwenye matoroli mawili, usukani kwenye trekta bovu. Kiti kilikuwa cha plastiki, kimekatwa miguu. Breki ilikuwa kipande cha tairi kilichosugua gurudumu la nyuma, mradi mtu akanyage mapema na aombe Mungu.

"Sasa injini," Otto alisema akijifuta mikono. "Unayo?"

"Ninayo," Leonce alisema, na neno hilo moja lilikuwa dhambi kamili.

Aliing'oa pampu wakati Noela yuko kwenye jumuiya akisali rozari. Jioni ile ile alikisukuma kigari hadi parokiani kibarikiwe, kama watu wanavyopeleka malori na pikipiki zao mpya. Paroko alikizunguka mara mbili.

"Kinabeba nini hiki, mwanangu?"

"Kinanibeba mimi, Baba."

"Kukupeleka wapi?"

"Kinazunguka, Baba. Kinarudi pale pale."

Paroko alichovya kinyunyizio kwenye maji ya baraka, akamnyunyizia Leonce peke yake, utosini, mara tatu. "Wewe ndiye unayehitaji," alisema, akaingia ndani.

Mtu mwenye masikio angesikia. Leonce alirudi nyumbani akipiga mluzi, akamkuta Noela amesimama uani, ndoo tupu mkononi.

"Pampu yangu iko wapi?"

"Mke wangu, nimeiazima kidogo kwa ajili ya..."

"Kwa nani umeiazima? Mbona mimi sijaombwa?" Akakiona kigari nyuma yake. Akakitazama kwa muda, kuanzia matairi ya toroli mpaka kiti cha plastiki. "Leonce. Kabichi zangu zimefunga vichwa, wiki tatu zinaingia sokoni. Jua hili unaliona. Wewe umechukua maji ya kabichi ukayafanya moshi?"

"Ni hobi, Noela. Dunia imebadilika. Hata wakubwa huko Ulaya..."

"Hao wakubwa wa Ulaya wanakula kwa mke?"

Noela aliingia ndani. Alifunga khanga zake mbili na kitabu cha sala, akapanda lori la kwenda kwao Mpitimbi, kwa mama yake, Bibi Kunegunda.

Baada ya siku nne alikuja Rupert, mshenga aliyesimamia posa yao, mtu mpole aliyechukia ujumbe mbaya.

"Mkweo anasema hivi: Jumapili hii baada ya misa, ufike Mpitimbi na pampu mkononi, wazee wanakungoja. Usipofika, lile jembe ulilopeleka siku ya posa litarudi kwako."

Katika ukoo ule jembe la posa halikulima. Lilikaa juu ya dari kwa wazazi wa mke, na likirudi, mtoto wa watu naye amerudi.

"Ndoa yetu ni ya kanisani," Leonce alisema. "Haivunjwi na jembe."

"Haivunjwi na shoka wala panga," Rupert alikubali. "Ila paroko hatakuja kukuwashia moto wa jikoni. Nenda, ndugu yangu."

Angekwenda. Lakini mbio zake na Erasmus zilikuwa zimepangwa Jumapili hiyo hiyo, mizunguko kumi, mji mzima umealikwa. Basi Leonce akaanza kufikiri kikarani. Baada ya misa, akajiambia, ni baada ya misa, lakini muda gani baada yake haukutajwa. Mbio zitaanza saa nane. Saa tisa atakuwa amemlisha vumbi Mhehe, atafungua pampu, ataifunga kwenye baiskeli, na kabla ya giza atakuwa amepiga magoti Mpitimbi, mshindi na mtubu kwa wakati mmoja. Asubuhi misani aliomba kwa bidii, na alichoomba ni ushindi. Sala za namna hiyo malaika huzipokea, lakini kuzipeleka mbele huona haya.

Saa nane ilipita Erasmus akihutubia. Alieleza Dubai ilivyo, akaeleza mafuta ya injini, akajieleza mwenyewe. Saa tisa ndipo Otto alipoangusha kitambaa.

"We karani!" watu walipiga kelele. "Hiyo pampu itakimbia au itatapika maji?"

"Mwageni kabichi njiani, itazifuata yenyewe!"

Kigari cha Dubai kilichomoka kama mshale. Cha Leonce kilikohoa, kikatoa moshi mweusi, kisha kikaondoka kikitingisha mifupa yake yote. Mizunguko mitatu alikula vumbi. Lakini ile sakafu Leonce aliijua kuliko kiganja chake. Alijua saruji ilipopasuka na mahali ambapo pumba laini ya mahindi ilijikusanya kila kiangazi. Erasmus, mwenye pesa na asiye na habari, aliingia kwenye pumba kwa kasi, na kigari chake kikateleza ubavu kama mlevi. Mzunguko wa nne akateleza tena, na wa sita pia. Wa nane, Leonce alimpita.

"Komba! Komba!" Lilikuwa jina lake. Yadi nzima ilikuwa inaliita, na baadhi ya watu walikuwa wamevua kofia wakizipunga. Machozi yalimtoka ndani ya miwani ya kuchomelea aliyopewa na Otto pamoja na kofia ngumu. Mzunguko wa tisa bado aliongoza. Wa kumi, kona ya mwisho, mbele yake hakuna kitu ila mstari wa chokaa wa kumalizia.

Wanawake wawili wakatokea nyuma ya banda, kwenye njia ya mkato inayokata yadi kuelekea mjini. Wa nyuma alikuwa Noela. Wa mbele alikuwa mwanamke mzee, mrefu, mwenye jembe begani. Bibi Kunegunda alikuwa amengoja hadi adhuhuri, akaona haoni mtu, akadandia lori la mkaa alirudishe jembe kwa mkono wake.

Mama mkwe hukutani naye njiani. Leonce alifundishwa hivyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati: ukimwona, unatoka njiani, unavua kofia, unachuchumaa umempa kisogo mpaka apite. Nafasi ya kumpita ilikuwepo, maana yadi ni pana. Kichwa cha Leonce kililiona hilo, na kiliona pia chokaa hatua ishirini mbele. Lakini mikono haikuuliza kichwa. Iliukata usukani wa trekta upande wa pili, kigari kikaruka ukingo wa saruji, kikatumbukia kwenye lundo la pumba kuukuu na kuzama mpaka kwenye usukani.

Erasmus alipita. Alimpigia honi yule bibi, akamfunika vumbi kuanzia kilemba hadi miguuni, akavuka chokaa mikono juu. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakimcheka Leonce.

Halafu kicheko kilianza kupungua, kuanzia kwa wazee. Pale kwenye pumba, injini ikinguruma bure, Leonce alikuwa ametambaa nje, amevua kofia ngumu, amechuchumaa kisogo kwa njia, mweupe wa unga kama mzimu.

Bibi Kunegunda alisimama. Alijipangusa vumbi usoni kwa ncha ya khanga, bila haraka. Kisha alikisogelea kigari na kusema na pampu, kwa kuwa mila haikumruhusu kusema na mkwewe.

"Wewe pampu. Nilidhani unavuta maji. Kumbe unavuta wapumbavu."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Mwulize huyo mwenye kisogo: Jumapili baada ya misa kwao ni saa ngapi?"

Leonce aliongea akiwa ametazama pumba. "Otto, mwambie mama kwamba nimekosa. Mwambie sina neno jingine."

"Anasema amekosa, Bibi," Otto alisema, ingawa watu wote walikuwa wamesikia.

"Nimesikia. Pampu, mwambie kwamba ni kweli." Akashusha jembe begani. Noela alikuwa ameinamisha macho. Leonce aliifunga mikono yake juu ya magoti na safari hii aliomba kitu cha kweli, kwa maneno machache sana.

Bibi Kunegunda alimtazama Erasmus, aliyekuwa bado anazunguka akijipungia mwenyewe. Akakitazama kile kisogo chenye pumba. Akamgeukia binti yake na kumpa jembe.

"Shika, unibebee; linarudi kwangu darini. Mume wako ni mjinga. Lakini ni mjinga mwenye adabu, na hao wameadimika. Kabichi zinywe maji kesho asubuhi." Kisha akaongeza, kwa pampu: "Zikinyauka, nakuja na panga."

Alfajiri pampu ilikuwa bondeni. Matuta mawili yalikuwa yamekwisha kufa. Mengine yalipona, na Noela hakumsemesha mumewe kwa siku kumi na moja.

Kigari bila injini kiligeuzwa toroli la kupelekea kabichi sokoni, kazi yake ya kwanza ya maana. Leonce hukisukuma kila asubuhi. Ila pale juu ya mteremko, kabla ya daraja, huwa anasimama, anatazama mbele kwa makini, anatazama nyuma, anahakikisha hakuna mwanamke yeyote mzee na mrefu barabarani. Halafu hukaa juu ya kabichi, huvaa kofia ngumu, na kuachia breki.